Miaka Mitano ya Kununua

Kivijoki, 11 Januari 2003

Dada yangu Lempi,

Pokea salamu zetu za mwaka mpya huko jangwani kwako. Natumaini goti limetulia na masikio hayajazidi. Sisi ni wazima. Umeona nilivyoandika? Sisi. Miaka yote hii nimekuandikia "mimi ni mzima", na sasa kalamu inakwenda yenyewe kwenye "sisi", nami nakaa nikiliangalia neno hilo mpaka kahawa inapoa.

Habari za ukoo: binamu Sulo ameanguka akikwangua theluji juu ya paa la kanisa, amevunja mguu, na sasa analalamika kwamba mchungaji hajamletea hata mkate. Ziwa letu huku kaskazini limeganda mapema. Lile gari bovu tunalowekeana dau kila mwaka litazama siku gani barafu ikiyeyuka limeshasukumwa ziwani, na nimeandika kwamba litazama tarehe ishirini Aprili. Urho ameandika tarehe hiyohiyo. Nikamwambia kwamba hivyo tukishinda tutagawana. Akasema, kwani tuna mifuko miwili?

Dada, huwezi kujua. Nimekuwa msichana mkubwa, nikawa mama mdogo wa watoto wa watu, nikawa "yule Taimi wa jikoni shuleni", na nilikuwa nimeshakubali. Kisha Urho, fundi seremala aliyefiwa na mke, mwenye mikono kama majembe, ananiomba nicheze naye ukumbini, na ilipofika Oktoba nimekuwa mke. Asubuhi nikiondoka kwenda kazini bado ni giza, nasimama mlangoni kumwangalia alivyolala, na miguu inakataa kutoka. Napika supu ya watoto mia tatu huku namfikiria mwanamume mmoja. Siku za Jumapili ananiletea shati lake nimfunge vifungo, anasema mke mpya ana kazi zake. Nafunga polepole ili shughuli isiishe.

Sasa jambo lenyewe. Bi Saari, mkuu wetu wa jikoni, amenunua miaka mitano. Usicheke. Pensheni ya jimbo inamruhusu mfanyakazi kulipia miaka ambayo hakuifanyia kazi, nayo ikahesabiwa. Bi Saari alikuwa na ishirini na mitano, kama mimi. Akalipia mitano, ikawa thelathini, akavua aproni, na sasa yuko Florida na mumewe wanachuma machungwa. Nami nimeomba bei yangu, imeletwa. Ni dola elfu thelathini na nane, na inadumu mpaka mwisho wa Mei. Ikipita hapo wanapiga hesabu upya, nayo haijawahi kushuka. Ukishalipa, hazirudi.

Yule daktari wa meno wa Chicago bado anakitaka kiwanja cha baba pale ziwani. Tukikiuza, nusu yangu inatosha. Karatasi nimeifunga humu, inasubiri sahihi yako tu. Urho sijamwambia. Nataka siku moja aamke anikute bado nipo kitandani, aniulize kulikoni, nami nimwambie kwamba sina pa kwenda.

Wako mwenye furaha kupita kiasi,
Taimi


Arizona, 2 Februari 2003

Taimi mdogo wangu,

Barua yako imefika ikiwa imeloa sukari, karibu niipe sisimizi. Mimi sijambo. Goti lipo, masikio na simu bado hayapatani, ndiyo maana nakushukuru unaandika. Mwambie Sulo kwamba paa la kanisa lina miaka mia moja na halijawahi kuanguka bila yeye. Hapa machungwa yananing'inia barabarani na hakuna anayeyaangalia, kwa hiyo Bi Saari asitutambie.

Nafurahi ukifurahi. Sina mtu mwingine wa kumfurahia.

Lakini nina maswali, bibi arusi. Haraka ya nini? Miaka mitano si mingi kwa mtu mwenye kazi nzuri, likizo ya kiangazi kizima, na mume wa miaka hamsini na minane aliye imara. Mngeweza kuingojea mkiwa mmekaa. Kiwanja cha baba kikienda, kimekwenda, na daktari wa meno ataibomoa sauna, lile bafu letu la mvuke, ajenge gereji.

Halafu hili la vifungo. Nilikuwepo kwenye arusi yenu. Nilimwona shemeji akijifunga vifungo vyake mwenyewe, akamfunga Sulo tai, tena akamfunga mpiga fidla mmoja kamba za viatu kwa sababu alikuwa amelewa. Sasa imekuwaje?

Labda naona vivuli. Nimekaa peke yangu muda mrefu. Karatasi yako iko mezani, naipita kila nikienda jikoni. Nijibu kwanza.

Dada yako,
Lempi


Kivijoki, 1 Machi 2003

Dada Lempi,

Salamu tele, na busu kutoka kwa shemeji yako ambaye anasema wewe ni polisi uliyekosea kazi. Sulo ameondolewa plasta. Theluji imefika kwenye madirisha, tunaishi kama fuko, na mimi sitaki itoke.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na dansi ukumbini. Safari hii Urho hakupiga kodiani, alimwachia kijana wa Niemi. Watu wakamwita, wakapiga makofi, yeye akasema vidole vimeshikwa na baridi na pia ana mke wa kucheza naye. Kwa hiyo nilikuwa naye usiku mzima, dada, kila wimbo, mikono yake kiunoni mwangu. Wanawake walikuwa wakituangalia, nami niliwaacha waangalie. Watu wengine hupata mambo haya wakiwa na miaka ishirini na hawajui wamepata nini.

Nyumbani nammiminia kahawa nusu kikombe. Anasema nusu ina ladha zaidi. Nimeoka mkate wa iliki mara mbili wiki hii kwa sababu anapenda harufu yake, na mimi napenda anavyofunga macho.

Kuhusu vifungo, mtu aliyeolewa akiwa na mvi ana haki ya kufunga vifungo bila kuulizwa. Tafadhali tia sahihi, dada. Sikuombi kitu kingine. Aprili inakaribia, na benki nayo inataka muda wake.

Wako,
Taimi


Kivijoki, 6 Aprili 2003

Dada Lempi,

Natumaini u mzima. Ni wiki tano na sijapata neno. Nimemtuma Sulo akupigie, amesema uliitikia "sisikii", ukakata. Basi najua u hai na una sahihi.

Gari limezama tarehe mbili. Hakuna aliyeshinda isipokuwa mchungaji, na watu wananong'ona.

Samaki wadogo wa masika wameanza kupanda mtoni. Tulikwenda na nyavu kama wote. Urho aliingia majini, akachota mara moja, kisha wavu ukamtoka mkononi ukaenda na maji. Alibaki amesimama akiutazama mkono wake, si wavu. Vijana walicheka, wakasema mzee ameoa, ameishiwa nguvu. Yeye akacheka nao. Mimi nilicheka pia. Nilicheka sana.

Tangu siku hiyo, jikoni shuleni, simu ya ofisini ikilia naacha mwiko ndani ya sufuria na kusimama. Wenzangu wananiuliza nasikiliza nini. Nasema nafikiri maziwa yamekuja.

Nataka kuwa nyumbani. Ndiyo yote. Kwa nini hujibu?

Taimi


Arizona, 27 Aprili 2003

Taimi mpenzi,

Nakusalimu, na sina habari za kukuchekesha leo. Jirani ameuza paka wake. Hiyo ndiyo habari.

Karatasi ya kiwanja hii hapa, nimeitia sahihi. Iweke pembeni usome kwanza.

Februari, nilipotoka kukuandikia, niliandika barua nyingine kwa ofisi ya pensheni. Nilifanya kazi ofisi ya barabara ya jimbo miaka thelathini, najua wanavyojibu: wanajibu lile tu uliloliuliza. Bi Saari aliuliza kama mitano ya kununua itamtoa kazini, wakasema ndiyo. Wewe uliuliza hivyohivyo, wakasema ndiyo. Mimi niliuliza kuhusu bima ya mume. Wakasema miaka ya kununua inahesabiwa kwenye pensheni, lakini kwenye bima ya matibabu ya mwenzi wanahesabu miaka uliyofanya kazi kwa mikono yako tu, nayo lazima iwe thelathini. Ukiwa kazini, Urho ana bima kupitia wewe. Siku ukivua aproni ukiwa na mitano ya kununua, wewe unabaki na bima, yeye anatoka. Mume wa Bi Saari hakuhitaji ya mkewe, alikuwa na yake ya mgodini. Urho ni seremala wa kujitegemea. Ana nyundo tu.

Jibu hilo lilinifikia katikati ya Machi. Wiki sita nimelikalia. Utauliza kwa nini, kwa hiyo nakwambia.

Sijawahi kukusimulia siku aliyokufa mume wangu Arvo. Ulikuja kwenye mazishi, ukapika, hukuuliza, kwa sababu sisi kwa desturi yetu hatuulizi. Moyo wake ulikuwa umeshaanza kumsumbua mwaka mzima. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi saba nifikishe thelathini, na tulikubaliana nimalizie. Jumanne moja aliniuliza kama ninaweza kukaa nyumbani siku hiyo tu. Nikamwambia Ijumaa, Arvo, Ijumaa nitaomba ruhusa. Mchana huohuo nilikuwa ofisini, mezani kwangu, nikila sandwichi alipokufa. Alikufa peke yake, amevaa viatu, kama mtu aliyekuwa anataka kwenda mahali.

Nilifikisha miaka yangu. Nina pensheni kamili. Inaingia benki kila mwisho wa mwezi, haijawahi kuchelewa.

Sasa unaona. Nikinyamaza, unanunua, unakaa naye, halafu mnakuja kuishiwa pesa za hospitali. Nikisema, unabaki jikoni kwa ajili ya bima, na inaweza kuwa Jumanne. Niliogopa kukuua kwa upande mmoja au mwingine, nikajifanya sijapata barua. Lakini uliposema alikuwa akiutazama mkono, nimeshindwa.

Ana nini, Taimi? Liandike jina lake.

Lempi


Kivijoki, 9 Mei 2003

Dada,

Sina salamu.

Ni mishipa inayopeleka amri kwenye misuli. Inakufa mmoja mmoja. Imeanza mikononi, itakwenda miguuni, kisha kooni, kisha kifuani. Daktari alituambia wiki moja kabla ya Krismasi. Alisema miaka miwili, pengine mitatu. Hakuna dawa ya kuiponya. Kuna kidonge cha kuichelewesha, bei yake kwa mwezi ni zaidi ya mshahara wangu, na mbele kuna kiti cha magurudumu na mashine ya kupumulia. Vyote hivyo bima inalipa.

Tulipotoka kwa daktari tulikaa ndani ya gari. Urho akasema twende tukale pasti, ile mikate ya nyama na viazi, ana njaa. Tukala. Tangu siku hiyo hatujalitaja. Yeye hasemi, mimi sisemi. Nimekuwa nikikuandikia mambo matamu kwa sababu ni ya kweli, dada, yote ni ya kweli, na kwa sababu kama ningeacha mstari mmoja tu mtupu lingeingia.

Nilikuwa na hesabu yangu. Mitano ya kununua, nitoke Juni, niwe naye wakati mikono yake bado inanijua. Nimeibeba hesabu hiyo kama ndoo iliyojaa, nikijibana nisimwage. Sasa umekuja umeipiga teke.

Nimekukasirikia kwa kuniambia. Nimekukasirikia zaidi kwa zile wiki sita. Halafu usiku huohuo nimekushukuru, na hilo nalo limeniudhi.

Kama ningelipa? Aprili nilikuwa tayari kwenda benki kukopa nisikusubiri. Nilifika mlangoni. Kulikuwa na foleni, na mkate ulikuwa kwenye jiko, nikarudi. Nafikiri kuhusu foleni hiyo kila siku.

Sasa nifanye nini? Nikibaki, namwacha asubuhi yote peke yake na mikono isiyoshika simu. Nikitoka, namvua pumzi. Wewe ulikaa ofisi ya jimbo miaka thelathini. Niambie ni mlango gani wa tatu.

Taimi


Arizona, 18 Mei 2003

Taimi wangu,

Habari za hapa ni kwamba nimeuza kochi.

Mlango wa tatu ni mimi. Si mlango mzuri. Una goti bovu na hausikii. Lakini nina asubuhi zote za maisha yangu na sizifanyii lolote zaidi ya kumwagilia mti wa jirani.

Usinunue. Kiwanja kibaki, sauna ibaki. Endelea na kazi ili yeye aendelee na bima. Shule inafungwa wiki ya pili ya Juni, na kiangazi chote ni chenu wawili, sitaki kuwaona wala kuwasikia, na kusikia siwezi hata hivyo. Nitakuja Agosti, kabla hamjafungua. Ukiondoka asubuhi mimi nitakuwa nimeshakaa kwenye kiti. Ukirudi utanikuta kwenye kiti hichohicho.

Sitakudanganya. Naogopa. Tangu Arvo sijakaa chumba kimoja na mtu mgonjwa, hata mafua ya watu huwa nayakimbia. Huenda nikawa mwuguzi mbaya. Huenda siku yenyewe ikafika wewe ukiwa unatia viazi kwenye sufuria, na mimi ndiye nitakayemshika mkono badala yako, nawe hutanisamehe. Nimefikiria hilo. Nakuja nalo hivyohivyo.

Mwambie Urho ukweli, kwamba ulitaka kununua na kwamba hukununua. Usimfiche kama mimi nilivyokuficha. Na mwambie nikija asinifanyie mzaha wa kofia yangu.

Dada yako,
Lempi


Kivijoki, 1 Juni 2003

Dada yangu Lempi,

Pokea salamu kutoka kwetu sote. Maua ya tufaha yametoka kwa Sulo, naye anatembea vizuri na analalamika vizuri. Urho amesema mzaha wa kofia ameshautunga, na sasa unamlazimisha aupoteze. Kwa hiyo jiandae.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya ile bei. Ilikuwa pia Jumamosi, siku ya sauna, tukaenda kwenye ile ya baba pale ziwani. Unakumbuka sheria ya baba: mle ndani hakuna pesa, hakuna ugonjwa, hakuna ugomvi. Niliitii mpaka mawe juu ya jiko yakaiva. Kata ya kuyamwagia maji niliishika mimi, kwa sababu yeye haiinui tena. Kisha nikavunja sheria. Nikamwambia yote: Bi Saari, kiwanja, barua zetu, foleni ya benki, bima. Nilimsimulia nikiwa nayaangalia mawe.

Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimevunja sheria ya baba.

"Kwa hiyo leo ndiyo mwisho wa mnada," akasema.

"Leo."

"Na hukununua."

"Sikununua."

"Umefanya vizuri. Mitano ni mingi, mke wangu. Mimi sina mitano."

Dada, ndiyo mara ya kwanza amelisema. Amelisema kama anavyosema ubao haufiki. Nikaweka kichwa begani kwake, jasho kwa jasho, na niliogopa kuliko siku ya daktari, kwa sababu siku ile tulikuwa bado tunaweza kujifanya. Hata hivyo nilikuwa naye zaidi jana kuliko siku yoyote tangu arusi. Sijui kama mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika kifua kimoja. Yalikaa.

Baadaye, nje, huku namkausha nywele, aliuliza kama bima ndiyo itakayolipia ile mashine ya kupumulia. Nikasema ndiyo. Akasema, basi nenda kapike, na usitie chumvi nyingi, wale ni watoto.

Leo jioni tumekaa barazani. Kesho ni Jumatatu. Nimeshapiga pasi aproni. Nimemwekea kikombe chenye mpini mpana, nimefungulia mlango wa nyuma ili Sulo apite kumwangalia, nimefanya kila kitu mara mbili. Ndipo akaniuliza kesho nitarudi saa ngapi. Anajua. Saa yangu ya kurudi ameijua tangu Oktoba.

Nikamwambia saa saba na nusu, kama siku zote.

Alifikiri kidogo, kwa uzito, kama mtu anayepima kabla ya kukata.

"Basi nitakuwepo," akasema.

Njoo Julai, dada. Usingoje Agosti.

Taimi